Sinia la Krismasi la Nyanda za Juu: biskuti za kuoka nyumbani Mbeya na Iringa

Sinia zuri la biskuti lina aina nne, zikizidi sana tano. Anayeoka aina kumi huumaliza usiku wa tarehe 24 jikoni, na kesho yake wageni huokota zile mbili walizozipenda. Nyingine hubaki hadi Mwaka Mpya zikinyonya unyevu. Chagua chache zinazotofautiana kweli: moja ya samli inayoyeyuka mdomoni, moja nyembamba ya tangawizi inayokatika kwa mlio, moja nyeupe ya unga wa mchele, moja ya karanga. Ya tano iwe kashata, ambayo haitaki hata oveni. Karibu kila kitu kinapatikana Mwanjelwa kwa watu wa Mbeya na Soko Kuu kwa watu wa Iringa. Hata hiliki na karafuu zipo kwa wauza viungo mwaka mzima.

Kabla ya kupima unga, kuna jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi havilisemi, kwa kuwa waandishi wake huokea karibu na usawa wa bahari. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa huo, Iringa imepita 1,500, na ukifika Mafinga au Njombe unakaribia 1,900 na zaidi. Huku hewa ni nyepesi. Gesi inayotoka kwenye beking pauda hutanuka kupita kiasi, kwa hiyo biskuti huumuka haraka, kisha hulala na kusambaa kama chapati za maji. Maji nayo huchemka yakiwa nyuzi 94 au 95 badala ya 100, donge hukauka upesi, na sukari inayobaki humo huwa nzito kuliko mwandishi alivyokusudia. Ndiyo maana pishi la Dar es Salaam lililokupa sifa kwa shangazi yako linakuaibisha ukilipika Uyole.

Dawa yake ni ndogo. Punguza beking pauda kwa robo, toa kijiko kimoja cha chakula cha sukari katika kila kikombe, ongeza kijiko kimoja cha unga. Moto nao uwe umeshika vizuri kabla ya kuingiza trei, ili kingo za biskuti zigande kabla hazijatawanyika. Vipimo nitakavyotoa hapa vimeshapunguzwa. Anayeoka Kyela, ambako ni kama mita 500 tu, arudishe nilichokitoa.

Uzuri wa huku ni ubaridi. Pwani donge la biskuti lisipoingia kwenye friji haliundiki. Usiku wa Desemba Mbeya, donge ulilolifunika vizuri na kuliacha karibu na dirisha huamka limekaza lenyewe.

Sasa mafuta, na hapa usibanie. Majarini ya kopo hufanya kazi, na kwa biskuti ya tangawizi yanatosha kabisa kwa sababu viungo vinaifunika ladha yake. Lakini kwa nankatai na vileja, mafuta ndiyo ladha yenyewe. Tumia samli. Rungwe ni nchi ya ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani, na Iringa ina viwanda vya maziwa, ASAS wakiwa wanaojulikana zaidi, kwa hiyo kukosa maziwa si kisingizio. Ukiwa na mtu anayekuletea maziwa mabichi kila asubuhi, anza mwishoni mwa Novemba. Yachemshe, yaache yapoe usiku kucha, engua malai asubuhi, yaweke kwenye chombo mahali pa baridi. Yakifika kama lita moja, yatikise ndani ya chupa pana au yapige kwa mwiko mpaka siagi ijitenge na maji. Ioshe kwa maji baridi, kisha ichemshe kwa moto mdogo. Itapiga kelele, halafu itatulia, na machicha chini ya sufuria yatageuka rangi ya kahawia. Hapo chuja. Harufu ya samli hiyo haitoki kwenye kopo.

Kuna wanaoshauri kuweka parachichi badala ya siagi, kwa kuwa Rungwe na Njombe zimejaa maparachichi. Kwenye biskuti usijaribu. Tunda hilo lina maji mengi, biskuti hubaki laini kama keki iliyokosewa, na rangi yake baada ya siku mbili haipendezi kwa mgeni. Liache liende kwenye kachumbari.

Jiko. Mwenye oveni ya umeme au gesi anajua afanyalo, ila aweke mkaa tayari, maana umeme wa sikukuu hauna ahadi. Mwenye jiko la mkaa asijione mnyonge, kwani biskuti zote nne zinaokeka juu yake. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu safi wa unene wa vidole viwili, panga vijiwe vitatu juu ya mchanga, funika, na uipashe kwa dakika 20. Trei ya bati au sinia dogo hukaa juu ya vijiwe. Palia makaa juu ya mfuniko. Kwa keki watu hugawa moto sawasawa juu na chini, lakini kwa biskuti theluthi mbili ziwe juu na theluthi moja chini, la sivyo utapata biskuti nyeusi kitakoni na nyeupe usoni. Kuupima moto, nyunyiza unga kidogo kwenye trei tupu na ufunike. Ukigeuka rangi ya mchanga baada ya dakika tano hivi, anza kuoka. Ukiungua ndani ya dakika moja, punguza makaa ya chini.

Fanya kazi hiyo barazani au kwenye jiko la nje. Mvua ikinyesha na baridi ikibisha hodi, watu wa kwetu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala moshi wa kukuonya. Ikibidi kuokea ndani, mlango na dirisha viwe wazi muda wote, na jiko litolewe nje kabla watu hawajalala.

Tuanze na biskuti ya tangawizi, kwa kuwa ndiyo inayokaa muda mrefu kuliko zote na hutakiwa kuokwa mapema. Wamoravian wa Mbeya na Rungwe wana sababu ya ziada ya kuipenda. Kanisa lao lilifika Rungwe mwaka 1891 na wamisionari kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Theodor Meyer. Ndugu zao wa kanisa hilohilo walikuwa wamevuka Atlantiki zaidi ya karne moja kabla na kuanzisha mji wa Salem, North Carolina, mwaka 1766. Mpaka leo mji huo, ambao sasa ni Winston-Salem, unajulikana kwa biskuti za Krismasi za Wamoravian, nyembamba kama karatasi nene, za tangawizi, karafuu na molasi. Sisi molasi hatuhangaiki nayo. Tuna sukari guru, na kwa maoni yangu inaizidi, kwa sababu ina moshi kidogo ndani yake.

Chukua gramu 120 za sukari guru, uiyeyushe kwenye sufuria pamoja na gramu 80 za majarini na vijiko vitatu vya chakula vya maji. Chuja, maana sukari guru ya sokoni haikosi vijiti. Ikipoa iwe vuguvugu, changanya na gramu 250 za unga wa ngano uliochekechwa na vijiko viwili vya chai vya tangawizi ya unga, kimoja cha mdalasini, nusu ya karafuu iliyosagwa, chumvi kidogo na theluthi ya kijiko cha chai cha beking soda. Beking soda ni ile ya pakiti ya dukani. Magadi ya kulainishia maharage yaache kwenye maharage. Donge litakuwa laini na la kunata. Usiongeze unga kwa hofu: lifunike, liache usiku mzima, asubuhi utalikuta limekaza.

Sukuma kidogokidogo kwa kifimbo cha chapati, au kwa chupa tupu, mpaka liwe na unene wa milimita mbili. Hapa ndipo wengi huchoka mapema. Biskuti hii ikiwa nene ni mkate mgumu tu, ikiwa nyembamba ndipo inakuwa biskuti. Kata kwa glasi ndogo, au kwa kisu upate pembe nne, oka kwa nyuzi 170 dakika sita hadi nane, na usiondoke jikoni. Sukari guru huungua ukigeuka kumwitikia mtu mlangoni. Zitatoka laini, zikipoa zitakauka. Pishi hili hutoa kama 60 ukisukuma vizuri, na zikiwekwa kwenye bati lenye mfuniko unaobana zinakaa wiki tatu, kwa hiyo zioke hata tarehe 10.

Nankatai hufuata, wiki moja kabla ya sikukuu. Hii ni biskuti ya Wahindi, ambayo simulizi huihusisha na mji wa Surat, na ilipanda kwetu kutoka pwani pamoja na maduka. Piga gramu 150 za samli iliyoganda na gramu 110 za sukari iliyosagwa laini mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, kama dakika kumi kwa mwiko. Usizifupishe dakika hizo, kwani hewa unayoipigia humo ndiyo inayofanya biskuti iyeyuke mdomoni. Tia nusu kijiko cha chai cha hiliki iliyotwangwa siku hiyohiyo, chumvi kidogo, robo kijiko cha chai cha beking pauda, na gramu 250 za unga wa ngano. Kusanya kwa vidole tu. Ukikanda kama maandazi, utapata nankatai ya kuvunjia meno. Finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu changa, bonyeza kidogo, weka nusu korosho juu ya kila kimoja. Oka kwa nyuzi 165 kwa dakika 15 hadi 18. Juu zibaki na weupe wake, chini ziwe za dhahabu hafifu, na uso upasuke nyufa. Utapata karibu 28.

Vileja ndivyo ninavyovionea fahari zaidi kwenye sinia la huku, ingawa ni vya Zanzibar, ambako huonekana sana Idi. Kwa nini tuwaachie? Unga wake ni wa mchele, na mchele wa Kyela una harufu ambayo watu wa mbali huilipia zaidi. Harufu hiyo haipotei kwenye biskuti. Osha mchele, uchuje, uanike kivulini juu ya kitambaa safi mpaka uwe mkavu kwa nje lakini bado unavunjika kwa meno kirahisi. Peleka mashine ukaombe usagwe mara mbili, na uwe wa kwanza asubuhi au baada ya mtu mwingine wa mchele, vinginevyo utarudi na vileja vya mahindi. Chekecha kwa chekecheo la matundu madogo. Asiye na muda anunue unga wa vitumbua ulio tayari, autoe makapi kwa kuuchekecha upya.

Gramu 250 za unga huo, gramu 120 za samli, gramu 100 za sukari iliyosagwa, viini viwili vya mayai, hiliki nusu kijiko cha chai. Beking pauda usiweke kabisa. Piga samli na sukari, tia viini, kisha unga. Donge litakuwa kama mchanga uliolowa, na hivyo ndivyo linavyotakiwa. Lifunike saa mbili au tatu ili unga wa mchele unywe mafuta. Viringisha vidonge vidogo, vibonyeze kwa kizibo cha chupa ya soda kilichooshwa ili vipate nakshi ya meno pembeni. Moto uwe mdogo, nyuzi 155, dakika 15 hadi 20, visigeuke rangi. Vikitoka usiviguse. Kileja cha moto ni unga uliosimama kwa bahati, na ukikishika kinaanguka. Viache kwenye trei hiyohiyo saa nzima. Vioke siku tatu kabla.

Karanga ni kazi fupi. Tatizo lake liko sokoni. Zichambue moja moja mchana kweupe, utupe zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kwa kuwa sumukuvu haiondolewi na kukaanga wala na oveni. Kaanga gramu 250, menya maganda, twanga kwenye kinu kidogo kidogo mpaka ziwe chenga laini, na uache kabla hazijatoa mafuta. Changanya na gramu 110 za sukari, chumvi, na yai moja lililopigwa. Bila unga, bila mafuta. Vidonge, bonyeza kwa uma, nyuzi 165, dakika 12 hadi 14. Zioke tarehe 23. Nazo zikae sinia lake au bakuli lake, maana wapo watu, hasa watoto, ambao karanga huwavimbisha koo, na chenga moja iliyoangukia kwenye nankatai inatosha kuleta balaa.

Kashata ya ufuta: vikombe viwili vya ufuta uliokaangwa, kikombe kimoja cha sukari, robo kikombe cha maji. Chemsha sukari na maji bila kukoroga. Mwenye kipimajoto aelewe kwamba nyuzi 150 za kwenye kitabu huku ni kama 145, akingoja 150 sukari inaelekea kuungua. Mimi namwamini zaidi bibi wa zamani: dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, likivunjika kwa mlio liko tayari. Tia ufuta na hiliki, mwaga juu ya ubao uliopakwa mafuta, sukuma, kata upesi ikiwa bado ya moto.

Adui wa haya yote ni mvua. Desemba ndiyo imeshika, na biskuti iliyoachwa wazi mchana mmoja Tukuyu jioni inakunjika. Zipoe kabisa kabla ya kufunikwa, kwa sababu mvuke wa biskuti vuguvugu ndani ya bati huziharibu kuliko mvua yenyewe. Kila aina iwe na chombo chake. Ndoo ndogo za plastiki zenye mfuniko wa kubana zinafaa, ila ndoo iliyowahi kuwa na sabuni au vitunguu haisafishiki vya kutosha kwa nankatai. Ya tangawizi ikilainika, irudishe kwenye oveni dakika nne, itapona. Kileja kikilainika hakiponi.

Kupanga sinia ni kazi ya dakika kumi, na ifanywe wageni wakiwa njiani, wasije wakalikuta limeshalainika. Hesabu biskuti nne au tano kwa mtu mzima, kwa watoto wa Sunday school usihesabu. Tandika karatasi nyeupe isiyonata. Vileja viwe katikati, mahali ambapo mkono hufika kwa adabu. Nankatai zivizunguke. Za tangawizi zisimame ukingoni zikiegemeana, kwa kuwa zikilazwa hazionekani. Kashata ifungwe moja moja kwenye vikaratasi, isije ikashikana na kila jirani yake. Funika kwa kawa. Sinia la jirani Mwislamu huna haja ya kulipikia kivyake, kwani hakuna humu kilichoguswa na pombe wala mafuta ya nguruwe, ilimradi na majarini uliyonunua umesoma kopo lake.

Kinywaji ni chai ya Rungwe au ya Mufindi, ya rangi, sukari kidogo, maana sinia lina sukari yake. Wazee watakaoomba kahawa ya Mbozi wapewe na tangawizi nyembamba. Iringa kuna nyumba ambazo ulanzi hautakosekana mvua zikishashika, na wanaokunywa watakwambia kashata ya ufuta inakwenda nao vizuri sana. Hilo siwezi kulipinga.

Baada ya Boxing Day, waliokuja kutoka Dar es Salaam wataanza kuomba za kubeba. Wape za tangawizi na kashata bila wasiwasi, kwenye kopo lililojazwa mpaka juu ili zisichezecheze. Nankatai zifungwe mbilimbili kwenye karatasi, zipakatwe mapajani, zisiingie kwenye buti la basi. Vileja waambie wavile hapahapa, maana hata Mikumi havitafika vikiwa vizima.